Hesabu dozi, usihesabu chupa

Barua za mara hii karibu zote zinauliza habari za Herblore, ule ujuzi wa kuchanganya dawa katika Old School RuneScape. Gemu hii ilitoka mwaka 2013, na tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu pia, ndiyo maana maswali yameongezeka. Majina ya dawa na majani tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu ndivyo utakavyoyatafuta sokoni. Hesabu zote hapa ni za Old School. Anayecheza ile RuneScape nyingine ya kisasa asizitumie, huko mambo ni tofauti.

Asalaam alaikum. Nimelipia uanachama wa wiki mbili, wenzangu wananiambia dawa ndizo zenye pesa. Nimeokota majani ya guam kadhaa lakini nikiyabofya hayasafishiki. Nakosea wapi?
*Msomaji, Kisauni*

Waalaikum salaam. Hujakosea, mlango wa Herblore haujafunguliwa bado. Ufunguo ni kazi fupi iitwayo Druidic Ritual. Nenda kwenye duara la mawe kaskazini ya Taverley, zungumza na Kaqemeex, kisha umwone Sanfew juu ya duka la majani hapo Taverley. Atakutaka nyama nne: ya ng'ombe, ya kuku, ya panya na ya dubu. Zote ziwe mbichi. Wengi hukwama hapo, wanaipika nyama kwa mazoea halafu inawabidi warudi kuwinda tena. Zichovye zote kwenye chungu kilicho ndani ya pango la Taverley. Mavazi mawili ya chuma yaliyosimama mlangoni yatakurukia ukifungua geti, kwa hiyo beba chakula. Rudi kwa Sanfew, umalizie kwa Kaqemeex. Utapewa XP (alama za uzoefu) 250, ambazo ni ngazi ya 3, na guam zako zitasafishika.

Usianze kuchanganya papo hapo. Ngazi za mwanzo zinapatikana bure kwenye kazi nyingine: Jungle Potion inatoa XP 775, Recruitment Drive 1,000 na The Dig Site 2,000. Fanya zote tatu na utakuwa na XP 4,025, yaani ngazi ya 19, bila kununua jani hata moja. The Dig Site inataka Herblore 10, kwa hiyo ifanye mwisho.

Wakubwa, nina sarafu chache na nataka kufika ngazi ya 38 nianze prayer potion. Ninunue nini na kiasi gani ili nisifilisike njiani?
*Msomaji wa Likoni*

Tuchukulie umeshamaliza zile kazi za hapo juu na una XP 4,025. Kituo cha kwanza ni ngazi ya 26. Unaweza kufika kwa strength potion 95, ambazo ni tarromin na limpwurt root, kila moja XP 50. Au utengeneze attack potion 189, ambazo ni guam na eye of newt, kila moja XP 25. Kwa mfuko mwepesi tunakushauri ya pili ingawa chupa ni mara mbili. Limpwurt root inatakiwa pia na wakubwa wa ngazi ya 55 wanaotengeneza super strength, wao ndio wanaoishikilia bei, na wewe wa ngazi ya 19 huna sababu ya kupigania kiungo na watu hao. Eye of newt inauzwa dukani kwa Betty, Port Sarim, na kwa Jatix, Taverley, kwa bei ya kutupa.

Kutoka 26 hadi 38 fanya energy potion 321: harralander na chocolate dust, XP 67.5 kila moja. Kabla ya kununua unga wa chokoleti, angalia bei ya chokoleti nzima. Mara nyingine tofauti ni kubwa kiasi kwamba inafaa kuinunua nzima na kuitwanga mwenyewe kwa kinu na mchi. Mara nyingine tofauti ni sarafu chache tu, na hapo unajichosha bure.

Sasa mkono wenyewe unavyofanya kazi. Mkoba una nafasi 28. Awamu ya kwanza toa benki chupa 14 za maji na majani 14 yaliyokwisha kusafishwa, bofya jani, bofya chupa, chagua zote. Hapo unapata dawa nusu, ile inayoandikwa (unf), na hupati XP yoyote. Awamu ya pili toa dawa nusu 14 na viungo 14, bofya kimoja juu ya kingine, chagua zote. Kila chupa inachukua sekunde 1.2, kwa hiyo 14 zinaisha kwa sekunde 17 hivi, na XP yako yote iko hapa. Ukijaribu kutia kiungo kwenye maji matupu kabla ya jani, hakuna kitakachotokea. Jani kwanza, kiungo baadaye.

Kwa mwendo huo mtu aliyetulia anamaliza karibu chupa 2,500 kwa saa. Maana yake katika Herblore muda si taabu, taabu ni mtaji. Kutoka 38 hadi 63 kwa prayer potion peke yake ni chupa 3,870 hivi, kama saa moja na nusu ya kuchanganya. Ukipoteza sarafu 100 kwa kila chupa, umepoteza karibu 387,000 kabla chai haijapoa. Pima hasara ya chupa moja kabla hujaagiza elfu.

Nimechanganya prayer potion 1,000. Dawa nusu ya jani la ranarr nilinunua 6,200, kiungo chake snape grass 350, na sokoni prayer potion inaonyesha 8,900. Nilitarajia faida ya milioni mbili na zaidi, lakini baada ya kuuza sarafu zimepungua. Nimeibiwa?
*Msomaji wa Mikindani*

Hujaibiwa, ndugu yetu. Umehesabu chupa, na soko la dawa linakwenda kwa dozi. Muuza kahawa wa Mji wa Kale hahesabu madele aliyotoka nayo, anahesabu vikombe alivyomimina. Fanya hivyo hivyo.

Chupa unayochanganya inatoka na dozi 3. Ile bei ya 8,900 uliyoiona ni ya chupa ya dozi 4. Chupa zako 1,000 ni dozi 3,000, na dozi 3,000 ni chupa 750 za dozi nne, si 1,000. Pia kila unapouza Grand Exchange, yaani soko kuu la gemu, asilimia 2 inakatwa kama ushuru. Kwenye 8,900 ushuru ni 178, unabakiwa na 8,722. Zidisha kwa 750: sarafu 6,541,500. Ulichotumia ni 6,550 kwa kila chupa, yaani 6,550,000. Umepoteza 8,500. Kama faida ya juu juu ni ndogo kuliko ushuru, hakuna biashara.

Kwa bei hizo hizo, biashara ingeweza kugeuka kwa kitu kimoja kidogo: amulet of chemistry, kidani cha jade kilichotiwa uchawi. Ukikivaa wakati wa kuchanganya, una nafasi ya asilimia 5 kwa kila chupa kutoka na dozi 4 badala ya 3. Kidani kimoja kinafanya hivyo mara 5 kisha kinavunjika, kwa hiyo kwa wastani kinakuvusha chupa 100. Chupa 1,000 zitakula vidani kama 10 na kukuongezea dozi 50 hivi. Sasa una dozi 3,050, ambazo ni chupa 762 za dozi nne na dozi mbili za ziada. Mauzo baada ya ushuru: 6,646,164. Toa gharama ya dawa, toa vidani 10 (tuseme 1,500 kila kimoja, jumla 15,000), unabaki na faida ya sarafu 81,000 hivi. Bei ni zile zile, kilichobadilika ni dozi hamsini. Kosa la kawaida hapa ni kuvaa kidani kimoja na kukisahau. Kikivunjika unaendelea kuchanganya shingo tupu bila kujua. Toa kadhaa benki, na kila ukifungua benki tupia jicho nafasi ya shingo.

Kumimina dozi tatu kuwa nne hakuhitaji jasho. Ndani ya Grand Exchange yupo mchuuzi wa majani, mbofye, chagua Decant, halafu dozi nne. Anapokea hata zile zilizo kwenye noti (karatasi ya benki inayosimama badala ya vitu vyenyewe), na halipishi. Zahur wa Nardah anafanya kazi hiyo hiyo, lakini kwa nini usafiri? Kabla ya kumimina, linganisha bei mbili: ya (3) gawanya kwa 3, ya (4) gawanya kwa 4. Siku nyingi dozi nne inashinda kwa sababu ndiyo inayobebwa vitani, ila zipo siku dozi tatu inalipa zaidi, na hapo uza kama ilivyotoka.

Na ile bei inayoonyeshwa juu ya bidhaa si ahadi. Ni mwongozo tu, na siku soko linapokimbia inabaki nyuma. Nunua chupa moja kwa bei ya juu kidogo uone inajaza kwa ngapi, kisha uza moja kwa bei ya chini kidogo uone unapata ngapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo soko lenyewe la saa hiyo. Jaribio hilo linagharimu sarafu mia chache na lingekuokoa kwenye elfu.

Je, kuna faida kuuza dawa nusu bila kuzimaliza?
*Msomaji wa Changamwe*

Ipo, na ranarr ndilo jani zuri la kujifunzia. Jani hili lina milango mitatu: ngazi ya 25 unalisafisha, ya 30 unalitia kwenye maji, ya 38 unatengeneza prayer potion. Kila mlango una bei yake sokoni, na kila siku angalau mmoja umeachwa wazi. Aliye na ngazi ya 99 hataki kusafisha majani kwa mkono, analipa zaidi kidogo ayapate safi, na hicho kidogo ndicho chako.

Andika bei nne kwenye daftari: ranarr chafu, ranarr safi, dawa nusu, na dozi ya prayer potion mara tatu. Toa asilimia 2 kwenye kila bei ya kuuza. Pengo kubwa liko wapi, fanya kazi hapo. Kumbuka tu kwamba kusafisha ranarr kunakupa XP 7.5 na dawa nusu haikupi kitu. Tena kila bidhaa ina kikomo cha kununua kila saa 4, kwa hiyo mwenye haraka huagiza majani ya aina mbili tatu kwa pamoja badala ya kungojea moja.

Mimi nalima mwenyewe, kwa hiyo ranarr kwangu ni bure na kila prayer potion ni faida tupu. Sivyo?
*Msomaji wa kike, Bamburi*

Dada, hapana. Jani ulilolima lina bei siku ile ungeliuza. Kama ranarr safi linauzwa kwa bei kubwa kuliko dozi tatu utakazopata ukitoa snape grass, basi kulichanganya ni hasara, hata kama limetoka shambani kwako. Liuze, kisha ununue jani la bei nafuu kwa ajili ya XP.

Shamba lenyewe ni biashara nzuri kuliko nyingi, hatulipuuzi. Majani yanaiva kwa dakika 80, unaweza kupanda asubuhi, ukashika shughuli zako na kurudi baadaye. Tia ultracompost kila mara: bila mbolea shina lina uhai wa kuvuna mara 3, na ultracompost inaongeza mara 3 nyingine, kwa hiyo hukosi majani 6, na ugonjwa unapungua. Magic secateurs, makasi ya uchawi ya kuvunia, zinaongeza asilimia 10 juu yake. Majani hayana mlinzi wa kumlipa kama miti, likiugua ni plant cure au limekufa. Mashamba ya Trollheim na Weiss hayaugui kabisa, mbegu yako ya bei ghali ipande huko. Ranarr inataka kilimo ngazi ya 32, toadflax 38 na snapdragon 62.

Intaneti yangu ni ya bando, inakatika katika. Nitapoteza dawa?
*Msomaji, Magongo*

La. Ukichanganya ukiwa umesimama benki, mtandao ukikatika vitu vyako vinabaki pale pale. Seva ndiyo inayohesabu kila sekunde 0.6 na wewe unabofya mara moja tu kwa chupa 14. Herblore ni kati ya kazi chache zinazomfaa kabisa mwenye mtandao wa kusuasua.

Nimefika 63. Wengine wananiambia super restore, wengine Mastering Mixology. Nishike ipi?
*Msomaji wa Tudor*

Inategemea unatafuta nini. Super restore ni snapdragon na red spiders' eggs, XP 142.5. Inauzika daima kwa sababu wapiganaji wakubwa wanainywa pamoja na Saradomin brew: brew inajaza damu lakini inashusha nguvu za kupigana, restore inazirudisha. Kutoka 63 hadi 99 kwa super restore pekee ni chupa karibu 88,900, kwa hiyo hata tofauti ya sarafu 50 kwa chupa inakuwa milioni nne na nusu hivi. Ndiyo maana tunarudia habari ya kupima chupa moja kwanza.

Mastering Mixology, mchezo mdogo wa kuchanganya dawa ndani ya gemu, iko Aldarin, ilifunguliwa 2024, inataka ngazi ya 60 na kazi ya Children of the Sun. Huko unayasaga majani kuwa rojo za aina tatu, Mox, Aga na Lye, unachanganya kwa oda, kisha unaipeleka kila dawa kwenye mashine yake kati ya tatu. XP kwa saa ni ndogo kuliko kuchanganya benki, lakini majani yasiyotakiwa na mtu kama guam na marrentill yanapata kazi, nayo huenda Mox. Mwenye mtaji mdogo na muda mwingi aende Aldarin. Mwenye sarafu asimame benki.

Ukifika 77 kumbuka stamina potion. Inatengenezwa kwa super energy na amylase crystals, kristali moja kwa kila dozi. Kristali zinarundikana kwenye nafasi moja ya mkoba, kwa hiyo unabeba super energy 27 kwa safari moja badala ya 14. Zimimine super energy zako ziwe za dozi nne kwanza, kwa sababu stamina inatoka na dozi zile zile ulizoingiza. Hapa hakuna dozi inayopotea, na hesabu yake ni rahisi kuliko zote.

Kuna mtu mtandaoni ananunua sarafu kwa M-Pesa. Nikishapata faida nimuuzie?
*Msomaji wa Majengo*

Usimuuzie. Kuuza sarafu kwa pesa halisi kumekatazwa na kanuni za gemu, na akaunti inafungwa pamoja na kila kitu ulichokijenga. Tena ukishampa sarafu, huna cha kumlazimisha akutumie pesa, na huna pa kushtaki. Anayesimama Grand Exchange akikuahidi kuzidisha sarafu zako mara mbili ni wa kundi hilo hilo: atakurudishia ndogo mara ya kwanza ili umpe kubwa mara ya pili.

Faida ya halali ya dawa ipo, nayo ni uanachama. Nunua bond sokoni kwa sarafu zako, itumie, umepata siku 14 bila kutoa shilingi. Usiinunue kwa nia ya kuiuza tena. Bond iliyotoka Grand Exchange haiuziki mpaka ulipe ada ya asilimia 10 ya thamani yake.

Nina 90 sasa. Super combat ina faida gani kuliko kuuza super attack, super strength na super defence mbali mbali?
*Msomaji, Nyali*

Faida yake haina uhakika, kwa hiyo ipime kila siku. Unahitaji torstol moja na zile dawa tatu, zote za dozi nne. Ukiwa na za dozi tatu hazichanganyiki, zipitishe kwanza kwa mchuuzi wa Decant. Viungo ni vinne, kwa hiyo mkobani zinaingia seti 7, na unarudi benki mara mbili zaidi kuliko dawa za kawaida. XP ni 150 kwa chupa.

Hesabu: bei za zile tatu ukizijumlisha na torstol, dhidi ya bei ya super combat baada ya asilimia 2. Usisahau kwamba ukiziuza zile tatu mbali mbali ushuru utaukuta vile vile, kwa hiyo upunguze pande zote mbili. Torstol ndilo linaloyumbisha mambo. Likipanda, ziuze zile tatu kama zilivyo na uongojee, kwa sababu super combat haitapanda siku hiyo hiyo.